Chupa Nilizoagiza Zimwagwe

Katika tasnifu yangu ya shahada ya uzamivu, na baadaye katika makala niliyoitoa kutokana nayo, niliandika kwamba udongo mfinyanzi ulio chini ya ziwa nililolichunguza wote uliletwa na mito kutoka milimani, na kwamba maji ya ziwa hilo hayawezi kuzalisha udongo huo yenyewe. Wakati naandika nilijua kwamba kulikuwa na chupa maabara zilizoonyesha vingine. Niliagiza zimwagwe. Hakuna ukurasa ambamo nilitaja kwamba chupa hizo ziliwahi kuwapo.

Namba zote nilizochapisha nilizipima kweli, na kwa miaka mingi nilijituliza kwa hilo: sikutunga kitu. Lakini msomaji akipewa nusu ya vipimo na kuambiwa ndivyo vyote, amedanganywa, hata kama kila tarakimu aliyopewa ni sahihi. Nimedanganya hivyo. Wapo waliokwisha kuutumia uongo huo kwa nia njema, na ndiyo maana naandika hadharani badala ya kunong'ona na wenzangu kwenye korido.

Ziwa lenyewe ni dogo, la magadi, katika Bonde la Ufa. Udongo mfinyanzi wake ni ule ule anaoujua kila mkulima, unaoteleza ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiutazama kwa hadubini ya elektroni unaona vibapa vyembamba, vingi vikiwa vidogo kuliko mikromita 2, kila kimoja kikiwa na tabaka za silika zilizoshikana na tabaka za aluminiamu, magnesiamu au chuma. Huingia ziwani kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaiona: mvua inamomonyoa miamba iliyooza mlimani, mto unashuka umechafuka, tope linatua. Ya pili haionekani. Silika na magnesiamu zilizoyeyuka majini zinaungana humo humo na kuwa udongo mpya, ambao haujawahi kuwa sehemu ya mlima wowote.

Sisi tuliosomea maziwa haya tulilelewa katika masimulizi ya maji, jua na chumvi. Ni masimulizi mazuri, na sehemu yake kubwa ni kweli. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mapya aliyoyakuta Ziwa Magadi, Kenya, yakaitwa magadiaiti na kenyaiti, akaonyesha jinsi silika ya maji yale makali inavyofikia kuwa mwamba mgumu wa gumegume. Mwaka 1976 Richard Hay alitoa kitabu chake juu ya jiolojia ya Olduvai, na humo tukajifunza jinsi ziwa la kale lenye chumvi linavyoweza kuyageuza mashapo yake lenyewe. Viumbe hai walikuwapo katika masimulizi hayo, heroe kwa maelfu na mwani wanaoula, lakini kazi ya kemia hawakupewa. Hata pale Behr na Röhricht walipoandika mwaka 2000 kuhusu gumegume za Magadi kama mashapo ya sianobakteria, mimi niliipitia kazi yao kama mtu anayepita mbele ya duka lisilouza anachokitaka.

Jaribio langu lilikuwa rahisi. Nilitaka kujua kama maji ya ziwa, yakiongezewa magnesiamu na silika kidogo, yatazaa udongo kwa joto la kawaida. Tulichota maji, tukayapitisha kwenye chujio la mikromita 0.2 linalozuia bakteria, tukatia kloridi ya magnesiamu na silikati ya sodiamu, tukarekebisha pH karibu na 9, tukaziba chupa na kuzipanga rafuni.

Aliyenisaidia alikuwa msichana wa mwaka wa pili aliyekuja fildi. Nilisafiri, na nikiwa safarini vichujio vikaisha. Hakutaka kazi isimame. Akajaza chupa zilizobaki kwa maji yasiyochujwa, akaandika wazi katika daftari la maabara zipi ni zipi na kwa nini. Niliporudi, wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Chupa zilizochujwa zilikuwa angavu kama siku ya kwanza. Zile nyingine zilikuwa na utando wa kijani kwenye kuta, na ndani ya utando kulikuwa na kitu cheupe, kizito, ambacho hakikutoka hata chupa ikitikiswa.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba uje uone hizi chupa."

"Marahaba. Hizo zimechafuka, binti. Zimwage, uzioshe kwa asidi, tuanze upya."

"Tusiupime kwanza huo weupe?"

"Tupime mwani wa nini?"

Alinyamaza, akamwaga. Lakini kabla hajaniita alikuwa amekwisha kupaka kidogo cha ule weupe kwenye kioo, akaukausha na kuupitisha kwenye mashine ya eksirei. Mchoro aliuacha mezani pangu bila neno.

Mchoro ule ulikuwa wazi. Kilele cha kwanza kilikuwa kipana, kama vilivyo vya fuwele changa ambazo hazijapangika vizuri, na baada ya kioo kutiwa glikoli kilisogea hadi karibu na nanomita 1.7. Hivyo ndivyo inavyofanya smektaiti, udongo unaovimba. Kilele kingine kilikaa kwenye nanomita 0.152. Udongo uliojaa aluminiamu hukiweka kilele hicho karibu na 0.150 au chini yake kidogo; 0.152 ni alama ya magnesiamu. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili alikuwa ameniwekea mezani ushahidi wa udongo wa magnesiamu uliozaliwa ndani ya chupa.

Nikatafuta maelezo mengine, nikayapata upesi mno. Katika chumba kile kile tulikuwa tunasaga mawe ya volkano, na mawe ya volkano yaliyooza huweza kuwa na saponaiti, ambayo nayo ni smektaiti ya magnesiamu. Nikajiambia vumbi limeingia. Lingeweza kuingia. Kulithibitisha kulihitaji kuacha kioo kitupu wazi chumbani, kisha kukipima. Sikufanya, kwa sababu niliogopa kitatoka safi. Zaidi ya hapo, chupa zote zilijazwa chumba kimoja na kukaa rafu moja; kama ni vumbi, lingeonekana pia katika zile zilizochujwa. Hoja hiyo ilinijia siku ile ile nikiwa nimeushika mchoro mkononi. Niliisukuma pembeni. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata mistari yake katika daftari na kuandika: zimechafuka, zisihesabiwe.

Hakuna aliyenishinikiza. Sura nilimodai kwamba udongo wote ni wa mito ilikuwa imekwisha kuandikwa, na fedha za ufadhili zilikuwa zinaelekea ukingoni. Kulikuwa na aibu pia. Ningesimamaje mbele ya watahini na kusema kwamba matokeo makubwa ya kazi yangu yamepatikana kwa sababu vichujio viliisha na mimi sikuwapo?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba elimu ya kunisahihisha ilikuwa tayari imechapishwa, na nilikuwa nimeisoma. Mwaka 1988 Charles Myers na Kenneth Nealson walieleza bakteria waliyemtoa Ziwa Oneida, jimbo la New York, anayeweza kuishi bila oksijeni kwa kuzipeleka elektroni za chakula chake kwenye oksidi ya manganisi. Anaweza kufanya hivyo kwa chuma pia, na leo anaitwa Shewanella oneidensis. Mwaka 1996 Joel Kostka, Joseph Stucki na wenzao walionyesha kuwa bakteria huyo anakifikia hata chuma kilichofungwa ndani ya tabaka za smektaiti. Halafu mwaka 2004 Jinwook Kim na wenzake wakatoa katika jarida la Science matokeo yaliyopaswa kumtikisa kila anayesoma udongo. Smektaiti kugeuka kuwa ilaiti, aina nyingine ya udongo yenye potasiamu, lilikuwa jambo linalohesabiwa kuwa la joto, mgandamizo na muda. Bila viumbe hai mageuzi hayo kwa kawaida huhitaji nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi, mgandamizo wa megapaskali 100, na miezi 4 hadi 5. Wao waliyapata kwa bakteria, katika joto la chumba na mgandamizo wa kawaida wa hewa, ndani ya siku 14.

Fikiria maana yake. Watafutaji wa mafuta walikuwa wanautumia uwiano wa smektaiti na ilaiti kukisia mwamba uliwahi kupata joto kiasi gani huko chini. Sasa bakteria anakipa chuma elektroni, chaji ya tabaka inabadilika, smektaiti inaanza kuyeyuka, na ilaiti inajitokeza mahali ambapo hapajawahi kuwa na joto lolote la kutisha. Mimi nilisoma makala hiyo, nikasema inahusu chuma, ziwa langu ni la magnesiamu, nikafunga.

Katika magnesiamu bakteria hufanya kazi kwa njia nyingine, na kwangu ndiyo ya ajabu zaidi kwa sababu haihitaji hata kiumbe awe na nia ya kula madini. Maji yanaweza kubeba silika na magnesiamu kupita kiasi kwa muda mrefu bila kuzaa udongo. Fuwele ya kwanza ndiyo ghali. Ikishapatikana, zinazofuata hupata pa kushika. Ukuta wa bakteria, na ute anaoutoa kujizungushia, umejaa vikundi vya kaboksili na fosfati vyenye chaji hasi. Chaji hiyo inavuta magnesiamu na chuma, na metali hizo nazo zinaikamata silika. Matilde Urrutia na Terry Beveridge waliliona jambo la namna hii mwaka 1994 kwenye kuta za bakteria Bacillus subtilis, na mwaka 1999 Kurt Konhauser na Urrutia waliliita jambo la kawaida katika mazingira, wala si la pekee. Kama kiumbe ni wa kijani, anaongeza lingine: akitumia kaboni dioksidi kwa ajili ya usanisinuru, pH inapanda pale pale anapokaa, na silika inakuwa tayari zaidi kushikana na magnesiamu. Kipimo cha pH kilichotumbukizwa katikati ya ziwa hakiwezi kukuonyesha kinachotokea ndani ya utando mwembamba kuliko ukucha.

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa kwenye kuta za chupa zile. Mwaka 2014 Robert Burne na wenzake walieleza stevensaiti, udongo wa magnesiamu, ndani ya miamba hai inayojengwa na vijidudu Ziwa Clifton, Australia Magharibi. Mwaka 2016 Aurélie Pace na wenzake walifuatilia jambo la karibu na hilo katika Great Salt Lake, Marekani, ambako udongo wa magnesiamu ulionekana ukijengeka kwenye ute wa vijidudu. Nilizisoma makala zote mbili peke yangu ofisini, mlango nimeufunga, nikaona pale kitu kile kile alichoniitia yule binti nikione.

Kosa la chupa lilikuwa na ndugu yake, na huyu ni mgumu zaidi kumkiri kwa kuwa alivaa nguo za utaratibu unaokubalika. Kabla ya kupima udongo wa ziwa kwa eksirei, tope husafishwa. Peroksidi ya hidrojeni huondoa mabaki ya viumbe, asidi ya siki huondoa chokaa, na michoro inatoka safi. Nilifanya hivyo kwa kila sampuli, kama kitabu kilivyoelekeza. Lakini ute uliouzaa udongo ndio ulioteketea kwenye peroksidi. Na udongo wa magnesiamu, hasa ule mpya ambao fuwele zake hazijakomaa, hauvumilii asidi kama ule wa aluminiamu. Inawezekana kabisa niliyeyusha sehemu ya udongo uliozaliwa ziwani, nikabaki na ule wa mito, kisha nikatangaza kwamba wote ni wa mito. Mwongozo wa maabara haukunilazimisha. Ungeniruhusu kupima sampuli chache bila dawa yoyote ili nilinganishe.

Ubaya wa kosa hili haukuishia kwenye vyeo vya wasomi. Udongo wa ziwa husomwa kama kumbukumbu ya mvua. Ziwa lisilo na mto wa kutokea likikauka, maji yanakuwa mazito, magnesiamu na silika zinabanana, na udongo wa magnesiamu unazaliwa humo. Mvua ikirudi, mito inaleta udongo wa milimani. Katika nguzo za tope tulizozitoa ziwani kulikuwa na tabaka moja nene lenye magnesiamu nyingi. Mimi nililieleza kuwa ni la mito iliyopita kwenye miamba ya volkano, yaani kipindi cha mvua kubwa. Kama udongo ule ulizaliwa ziwani, tabaka hilo linaweza kuwa kumbukumbu ya ukame mkali. Nimesoma kazi za vijana waliojenga historia ya mvua ya eneo lile juu ya maneno yangu, wakaweka masika mahali ambapo pengine watu na mifugo walikuwa wanatafuta maji.

Nilimtafuta yule binti. Sasa anafundisha kemia shule ya sekondari. Nilimpigia simu, nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na sikumwomba aniambie kwamba si kitu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na kile kioo, Mwalimu, ulikitunza?" Sikukitunza. Nilimwambia daftari ninalo. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mimi nilidhani nimekosea. Ndiyo maana sikuomba tena kazi ya maabara." Sijui neno linaloweza kurudisha hilo, na sikujaribu kulitafuta kwenye simu.

Nilimpelekea rasimu ya masahihisho, jina lake likitangulia langu, na kumwomba aamue kama analikubali hapo. Aliirudisha ikiwa na swali ambalo mimi, pamoja na shahada zangu, sikuwa nimelifikiria. Chupa zisizochujwa zilijazwa mwisho, alisema, kwa hiyo zilikaa mwisho wa rafu, upande wa dirisha. Je, ni bakteria au ni mwanga?

Tukarudia jaribio, safari hii pamoja na mwenzangu wa mikrobiolojia. Tulikuwa na maji yaliyochujwa na yasiyochujwa, kila aina kwenye mwanga na kwenye giza. Tukaongeza chupa za bakteria waliokufa, na hapo ilibidi kuwa waangalifu: ukiyachemsha maji ya magadi unayabadilisha, kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, na magnesiamu inaweza kuganda kabla hujaanza. Kwa hiyo tuliwatenga bakteria kwa mashine ya kuzungusha, tukawaua peke yao kwa mvuke wa nyuzi 121, tukawaosha na kuwarudisha kwenye maji yaliyochujwa. Tuliacha pia vioo vitupu chumbani.

Vioo vitupu vilitoka safi. Maji yaliyochujwa yalibaki angavu, kwenye mwanga na kwenye giza. Maji yenye viumbe hai kwenye mwanga yalifanya utando wa kijani na udongo mweupe, na kilele kikarudi pale pale kwenye 0.152. Kwenye giza udongo ulikuwa haba na ulichelewa. Wale waliokufa nao walizaa kidogo, maana kuta zao zilikuwa bado na chaji. Kwa hiyo swali lake lilikuwa na majibu mawili yaliyoungana: bakteria ndiye anayetoa pa kuanzia, na mwanga, kupitia kwake, unaongeza kasi. Kama angesikilizwa mara ya kwanza, hilo lingejulikana mapema, na kwa jina lake.

Sitaki sasa kukosea kwa upande wa pili. Vijidudu hawaivunji kemia. Maji yasiyo na silika na magnesiamu ya kutosha hayatazaa udongo hata yajae bakteria. Na udongo wa magnesiamu unaweza kuzaliwa bila kiumbe yeyote pale pH na chumvi vinapopanda vya kutosha. Paul Wright na Andrew Barnett walitetea mwaka 2015 maelezo ya kemia tupu kwa miamba ya kale ya maziwa iliyo chini ya chumvi nje ya pwani ya Brazili, inayoshika mafuta mengi, na hoja zao ni nzito. Chupa zetu zinaonyesha linalowezekana katika maji yale. Hazisemi ni kiasi gani cha udongo wa ziwa letu kilizaliwa hivyo.

Kwa hiyo ninachokifuta ni hiki. Sura ya tasnifu yangu juu ya asili ya udongo isitumiwe, wala makala iliyotokana nayo. Mhariri wa jarida amekwisha kupata barua yetu na data zote, pamoja na picha za kurasa za daftari zilizokatwa kwa wino mwekundu. Vipimo vya maji ya mito na umri wa tabaka za tope vinabaki, kwa sababu havikutegemea chupa wala asidi. Maelezo ya lile tabaka nene kuwa la mvua nyingi hayana msingi tena, na wala sijapata haki ya kuyageuza kuwa ya ukame mpaka lipimwe upya.

Kila nguzo ya tope ilipasuliwa mara mbili, nusu ikapimwa na nusu ikafungwa na kuwekwa kwenye chumba cha baridi. Hizo nusu zilizofungwa hazijaguswa na peroksidi wala asidi. Hata hivyo zilihifadhiwa zikiwa na unyevu, na vijidudu waliomo huenda wameendelea kukibadilisha chuma cha udongo muda wote huu, kwa hiyo atakayezifungua aanze na magnesiamu, asiamini rangi, na apime kipande kimoja kama kilivyo kabla ya kukitia dawa yoyote. Yule mwalimu wa kemia ameomba aje yeye mwenyewe wakati wa likizo ijayo ya shule. Funguo za chumba nimekwisha kumwachia.